Kusukuma mkokoteni hadi Lamu kwa ajili ya mchango: mambo ya kupanga kabla hujavaa viatu

Watu wakisikia nilisukuma mkokoteni kutoka Mombasa hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia kwenda Lamu, huniuliza habari za miguu. Sijapata kuulizwa habari za daftari. Na mtu akija kunitaka shauri kwa sababu yeye pia ana safari yake ya kuchangisha pesa, namwonyesha daftari kwanza: kaunta buku nyekundu, kona zimeliwa na jasho, ukurasa wa kwanza umeandikwa «Kilomita 340» na chini yake bei.

Mimi ni hamali wa Malindi. Asubuhi nauza maji, mitungi ishirini ya lita ishirini kwa mzigo mmoja. Mchana nabeba saruji, mbao, makabati ya maharusi, chochote. Mwaka huu ni wa kumi na saba, kwa hivyo kusukuma si jambo geni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni kushika pesa za watu.

Sababu yangu ni dada yangu mdogo, aliyeolewa kisiwani Pate. Alishikwa na uchungu usiku. Boti ya kijiji ilikuwapo, mashine yake imekufa miezi minane na kila mtu anajua. Wakamtia kwenye mashua ya wavuvi kumkimbiza Lamu, wakafika Mkanda maji yamekupwa. Mkanda ni ule mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hukupwa kwenye saa nne hivi, na aliyechelewa hukaa kwenye tope hadi bahari irudi. Walikaa mpaka saa nane usiku. Dada yu hai. Mtoto hakufika.

Bei ya kilomita

Kwanza chagua kitu kimoja kinachoshikika. Mimi nilitaka mashine moja ya boti, hospawa 40, basi. Ukisema unachangia afya ya mama na mtoto, watu watakupigia makofi na kukuombea dua. Ukisema unanunua mashine, hii hapa picha yake, hii hapa bei ya duka, watakuuliza zimebaki ngapi. Hilo ndilo swali unalolitaka.

Kisha igawe safari. Mombasa hadi Mokowe kwa barabara ni kilomita kama 340. Nikaipa kila kilomita bei ya shilingi 1,500, ikawa 510,000. Kinyozi wa mtaani kwetu alinunua moja. Wauza samaki kumi walichangiana 150 kila mtu wakanunua moja, na wakataka ile ya daraja la Sabaki, kwa sababu kila mmoja wao amevuka pale na ndoo kichwani. Mtu akishajua kilomita yake iko wapi, atakupigia simu siku unapoipita. Atamwambia na jirani.

Hesabu hii sikuibuni mimi. Terry Fox, kijana wa Canada aliyekatwa mguu kwa saratani, alianza kukimbia tarehe 12 Aprili 1980 kutoka St. John's akiwa na mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Ombi lake lilikuwa jepesi kulibeba kichwani: dola moja kwa kila Mkanada. Port aux Basques, mji wa watu kama 10,000, ulimpa dola 10,000. Maradhi yalimsimamisha karibu na Thunder Bay baada ya siku 143 na kilomita 5,373, na kabla hajafariki mwaka 1981 ile dola moja kwa kila mtu ilikuwa imetimia. Wengi humsifu kwa mguu. Mimi nilimkopa ile dola.

Ahadi ziandike kwa penseli. Tajiri mmoja alisimama mbele ya kamera akatangaza kilomita 28, watu wakashangilia, nami kwa ushamba wangu nikaziandika kwa kalamu. Mpaka leo zimo daftarini, na ndiyo sababu ukurasa ule unatia haya.

Barua, na laini ya simu

Kuchangisha pesa kwa umma Kenya kuna sheria yake, Public Collections Act, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, na kibali chake. Kifuate mapema. Juu ya hicho niliandika barua kwa makamishna wa kaunti nne ninazopita: Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Nakala nikazipeleka kwa maafisa wa vituo vya polisi njiani. Nilizitia zote kwenye bahasha ya plastiki, nikaifunga chini ya mpini wa mkokoteni. Usiitie begini. Askari anayekusimamisha saa kumi na moja alfajiri hataki kukuona ukiingiza mkono ndani ya begi.

Pesa zisiingie kwenye simu yako. Laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haishiki zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja, lakini hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba laini hiyo hiyo ndiyo mkeo anayokuombea pesa ya unga. Tulifungua akaunti yenye paybill na watia saini watatu: imamu wa msikiti wetu, mwalimu mstaafu, na mama mmoja wa kile kijiji cha Pate. Mimi sikuwa mmoja wao. Wenzangu wa kijiweni waliona nimepungukiwa akili, hamali asukume halafu watu wengine ndio watie saini. Lakini kila aliyetaka kunikopa njiani, na walikuwapo, nilimjibu ukweli mtupu: siwezi kuzigusa.

Gharama za njia nilizitoa mfukoni mwangu, 38,000 nilizoweka mwaka mzima. Kila kitumbua, kila pancha, vilitoka humo. Kama huna akiba, tafuta mtu mmoja akulipie njia na useme wazi kuwa ni yeye. Mchango uende kwenye mashine mzimamzima.

Na kila jioni, hata kama umechoka kufa, soma hesabu ya siku. Nilikuwa nairekodi kwa sauti nikiwa nimelala chali: leo kilomita 26, leo shilingi kadha, jumla kadha. Sekunde arobaini. Siku niliyokosa, kwa kuwa simu ilizima, kufikia asubuhi palikuwa na uvumi kwamba nimepanda basi.

Upepo

Nilikwenda Agosti 2024. Masika yamekwisha, jua limepoa kidogo, na kusi inavuma kutoka baharini kusini. Anayetoka Mombasa kwenda Lamu huipata mgongoni. Ungegeuza njia, uanzie Lamu, ingekupiga uso siku zote na mkokoteni ungekuwa kama tanga linalokataa. Mwezi wa Februari kaskazi huvuma kwa upande huo wa pili na joto lake ni la kuua. Usiende Ramadhani, kwa ajili yako na kwa ajili ya watakaokukaribisha. Na Agosti ya 2027 iache, ni uchaguzi. Barabara haitakuwa na nafasi ya mchango wako.

Mkokoteni wenyewe

Wengi hukodi gari la kuwafuata. Mimi mkokoteni ndio ulikuwa gari langu na ndio ulikuwa tangazo langu. Ule wa kazini ni mzito mno, mbao za mwembe na ekseli ya gari. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikatengenezewa wa mabomba, magurudumu ya pikipiki, sahani ya mabati. Mzigo: maji lita 40, hema, chandarua, tyubu mbili, pampu, spana, grisi, sufuria moja, na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa kwa ajili ya sarafu. Nyuma nilifunga kipande cha tairi kuukuu. Ukiinua mipini mbele, tairi husugua lami, na hiyo ndiyo breki. Kwenye mteremko wa kuingia daraja la Mtwapa utaijua thamani yake.

Sasa nikwambie kuhusu beringi. Beringi haifi ghafla. Huanza kuongea. Kwanza sauti ndogo kama panya yuko ndani ya kabati, na ukisimama inanyamaza, basi unajidanganya kuwa ni mipini. Baadaye huwa kama mtu anasaga mchanga kwa meno. Yangu ilianza tumepita Kikambala. Nikaipuuza. Katikati ya mashamba ya mkonge, Vipingo, gurudumu la kushoto likawa linavuta, nikainama kushika kitovu chake na kikaniunguza vidole viwili. Ndani hapakuwa na grisi, palikuwa na tope jeusi na gololi tano tu kati ya zote. Vumbi la barabara inayojengwa lilikuwa limeingia siku mbili mfululizo. Tukakaa saa tatu juani, mpwa wangu, mwenzangu wa safari, amekwenda kwa bodaboda kutafuta beringi ya namba ile. Tangu hapo kila jioni kabla ya kula nilizungusha magurudumu kwa mkono, mkokoteni umeinuliwa, nikasikiliza. Beba beringi mbili za akiba. Ni nyepesi kuliko mkate.

Mwili

Kusukuma kazini na kusukuma siku kumi na nne ni vitu viwili. Kazini nasukuma dakika ishirini, napakua, nakaa. Nilifanya mazoezi wiki 12. Nilianza na kilomita 8 kila siku ya pili, kila wiki nikiongeza kama sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne nikipunguza. Jaribio la kweli si siku moja ndefu. Nenda kilomita 25 Jumamosi, na Jumapili uamke uende nyingine 25. Kama Jumapili huwezi kufunga kamba za viatu bila kulia, hujawa tayari.

Viatu: raba zilizokwisha kuzoea mguu, saizi moja juu, maana mguu huvimba. Soksi mbili, ya ndani nyembamba. Mafuta ya nazi baina ya vidole kila asubuhi. Kila mapumziko vua, anika soksi juu ya mpini, pepea miguu. Ukisikia pahali panawaka, simama papo hapo ubandike plasta, usingoje mti ulio mbele. Mimi niliungoja. Kufika Matsangoni nilikuwa na lengelenge la ukubwa wa tende kwenye kisigino. Namna ya kulitibu: osha kwa sabuni, choma sindano motoni mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, toboa pembeni chini, si katikati, kamua maji taratibu, na ngozi usiibandue. Ngozi hiyo ndiyo bandeji yako bora kuliko zote. Funika kitambaa safi. Asubuhi likijaa tena, rudia.

Saa za kwenda: tulianza saa kumi na moja alfajiri, tukasimama saa nne, tukalala kivulini hadi saa tisa na nusu, tukamalizia kabla ya magharibi. Usisukume usiku. Mabasi ya Malindi hayatakuona na hata yakikuona hayatapunguza mwendo. Mkokoteni hufuata upande wa kushoto kama gari, basi mtu wa pili awe nyuma yako na kizibao kinachong'aa na bendera nyekundu. Hii ndiyo sababu ya kutokwenda peke yako. Ya pili ni kwamba mtu wa pili hukuambia uongo wako, pale unaposema hujachoka.

Chakula si tatizo Pwani. Mahamri na mbaazi asubuhi, mihogo ya kuchoma, wali jioni, tende mfukoni kutwa. Mgeni mwenye mkokoteni hulishwa. Tatizo ni maji, na si kwa namna unavyodhani.

Baada ya Gongoni, pale mashamba ya chumvi yanapong'aa mpaka macho yanauma, mpwa wangu alianza kutapika. Kichwa kinamuuma, vidole vimevimba, pete haizunguki, na maneno yake hayaungani. Nikadhani ni kiu, nikampa maji zaidi. Daktari wa zahanati aliniuliza amekunywa nini, nikamjibu kwa fahari: maji, tangu alfajiri, kila nusu saa. Akatikisa kichwa. Ukitoka jasho kutwa, chumvi ya mwilini hutoka nayo. Ukirudisha maji matupu peke yake, chumvi iliyobaki kwenye damu huzimuliwa, na ubongo huvimba. Inaua. Mashamba ya chumvi upande huu na huu, na kijana anakufa kwa kukosa chumvi!

Basi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita ukingo, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, kunywa kidogo kidogo unaposikia kiu. Dafu ni zuri, lakini usilitegemee peke yake. Mkojo uwe rangi ya majani makavu, si kama chai na si kama maji. Tukapumzika siku nzima, ile niliyoitenga kwa ajili ya Malindi nisiitumie, maana nyumbani kwangu nilikuwa nimepita kama msafiri, nikanywa chai mlangoni bila kuvua viatu.

Kwenye bonde la Tana mbu ni wengine. Chandarua kila usiku, hata kama upepo unavuma.

Minjila

Minjila ndipo barabara ya Lamu inapokata kulia. Pana kizuizi. Nilifika na bahasha yangu, afisa akasoma barua zote nne, akazikunja vizuri akanirudishia.

«Wapeleka nini huko, mzee?»

«Mkokoteni, afande.»

«Mkokoteni utakwenda. Wewe hutausukuma.»

Kipande kile mpaka Witu magari yalikuwa yakipita kwa msafara na ulinzi, kwa mambo ambayo kila mtu wa Lamu anayajua tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014. Mtu anayekwenda kwa miguu kilomita nne kwa saa hana msafara wa kumlinda. Nilibisha kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeuza kila kilomita. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, «Na mimi sitaki kuandika ripoti yako.» Ukikuta afisa wa namna hii, mshukuru na utii. Usitafute njia ya panya. Mkokoteni ukapanda lori la mabati, na mimi juu yake, nikiziangalia kilomita za watu zikipita chini ya tairi zisizo zangu. Nilizihesabu: 44.

Jioni ile, Witu, nilirekodi hesabu kama kawaida. Nilisema: leo kilomita sifuri kwa miguu, 44 kwa lori, ni deni la shilingi 66,000, anayetaka pesa yake arudishiwe atume jina. Mpwa wangu aliniambia nimejichongea. Watu wawili tu waliomba kurudishiwa, na mmoja wao alibadili nia asubuhi. Ndoo ya sarafu siku tatu za Witu hadi Mokowe ilijaa kuliko siku zote tisa za nyuma.

Mokowe tulipakia mkokoteni kwenye boti hadi Lamu, maana watu walitaka kuuona. Mwenye punda mmoja alikuwa pale gatini akautazama juu na chini, akakanyaga tairi kidogo. «Punda wetu hawana pancha,» akasema, akaenda zake.

Hesabu

Kilomita zilizolipwa 312, ni 468,000. Ndoo 61,420. Jumla 529,420. Watia saini walilipa duka moja kwa moja, risiti kwa jina la kamati ya kijiji, si jina langu: mashine 455,000. Jaketi 12 za kuokolea maisha, 36,000. Zikabaki 38,420, nazo ni za mafuta, na ziko kwenye akaunti ya kamati kwa matumizi ya wagonjwa tu. Hili la mafuta lifikirie tangu mwanzo, kabla hujataja bei ya kitu chako. Mashine bila petroli ni chuma cha kufungia kamba. Tafuta pia nani ataihudumia, na umlipe fundi amfunze kijana mmoja wa pale pale. Piga picha namba ya mashine na uibandike ukutani kwenye zahanati, ili siku ikihama kila mtu aijue.

Lile deni la 44 nililipa mwezi uliofuata. Malindi hadi Watamu kupitia Gede, kwenda na kurudi, ni hizo hizo. Kilomita nyingi za kipande cha Witu walikuwa wamezinunua kina mama wa chama kimoja cha Shella, hapa hapa Malindi, na mweka hazina wao alinifuata kwa tuktuk kutoka Gede, mwavuli mkononi, kuhakikisha. Tulifika saa kumi jioni. Akaniomba daftari, akatoa kalamu yake mwenyewe, akaikata ile 44 kwa mstari, akaandika sifuri pembeni na kutia saini. Kisha akauliza kama kesho asubuhi nitaweza kumpelekea mitungi minne, maana mfereji wao umekauka tangu Jumanne.